Udongo Mweusi Ndani ya Mchanga

Kambi ya Bwawa la Mhasni
5 Februari 1984

Kwa Shemeji Anusaya,

Nakuinamia miguuni, wewe na Kaka Raghunath. Mimi mzima, ila tumbo langu lina malalamiko. Mpishi wa hapa kambini anachemsha dengu mpaka zinakata tamaa, na mkate wake wa mtama ukimrushia mbwa anakukimbia.

Umeniuliza, tena kwa kejeli, serikali inanilipa kwa kazi gani hasa, maana Kaka alipokuja kunitembelea alinikuta nimechuchumaa nachekecha mchanga kama mwanamke anayepepeta nafaka. Cheka, Shemeji, cheka. Lakini nitakueleza, kisha uwaeleze na hao mashoga zako wa kisimani.

Tuta letu ni la udongo mtupu. Katikati tumeshindilia mfinyanzi, na huo ndio unaozuia maji. Ila hakuna udongo duniani usiopenyeza maji hata kidogo. Yatapenya tu, polepole. Kupenya si ubaya. Ubaya ni yakipenya huku yanabeba chembe za udongo: leo chembe, kesho tundu, keshokutwa tuta limekwenda na vijiji vya chini navyo vimekwenda. Kwa hiyo nyuma ya ule mfinyanzi tunasimamisha ukuta wa mchanga, kutoka chini hadi juu. Mchanga huo uwe laini wa kutosha kuzikamata chembe, na usiwe laini mno ukayafungia maji. Kupima hayo ndiyo kazi yangu. Kila tone litakalopenya litapita humo, litoke safi. Mchanga huo ndio moyo wa bwawa, na mimi, mtu wako uliyemfundisha kufunga kamba za viatu, ndiye ninayeutengeneza.

Najua unaposoma haya unafikiria nini. Sijasahau kwamba bwawa hili linameza kwenu ili linyweshe kwetu. Nikikutana na watu wa kijiji chenu cha Karanjkhop barabarani naangalia chini. Nimwombe msamaha mama yako, Mama Bayaja, kwa maneno gani? Sina. Ninachoweza kuahidi ni kimoja: kwa kuwa lazima kwenu kuondoke, basi kusiondoke bure. Sikukuu ya Diwali mwaka huu maji yatakuwa shambani kwa Kaka.

Wako mtiifu,
Moreshwar

*

Nyumbani kwa mume wangu, bondeni
25 Machi 1984

Kwa Moru, mchumba wa mchanga,

Pokea baraka zangu na za kaka yako, ambaye hajui kuandika salamu ndefu kuliko jina lake. Nimekutafutia msichana huko Shelgav, mweupe wa moyo, amesoma. Ameuliza unafanya kazi gani. Nimesema mhandisi. Sikusema unachekecha.

Karanjkhop tumehama wiki iliyopita. Nilikwenda kumsaidia Mama. Milango yote imeng'olewa, boriti zimepakiwa lori, kijiji kimebaki kuta na uwazi. Mama alikataa kupanda lori mpaka amalize kufagia uwanja. Nikamwambia, "Mama, unamfagilia nani, samaki?" Akaniambia, "Hata samaki ni wageni." Nilicheka, Moru, kisha nikajificha nyuma ya zizi nikalia hadi kwikwi. Sasa yuko kwenye mabanda ya mabati waliyojengewa huko kilimani. Jua linawakaanga. Hakuna mti, hakuna jirani wa zamani upande wa kulia.

Lakini nataka nikupe jambo la kukufurahisha. Unajua desturi yetu, binti akiondoka kwao hujazwa nafaka kwenye pindo la sari, asitoke mikono mitupu. Nikawaambia wanawake wa kwetu: mto huu sasa ndio binti, anatoka Karanjkhop kwenda kwa watu wa bondeni. Tumjaze nini, na ukame huu hata nafaka ya kula ni shida? Tukakubaliana: udongo wa mashamba yetu. Ule mweusi wa pamba, mzuri, ambao hatutaulima tena.

Tukaja bwawani, kina mama wote, na vikapu kichwani maana pindo halikutosha. Wewe uliniandikia kwamba kila tone litapita kwenye mchanga. Basi nikasema tuuweke humo humo, maji yaguse udongo wa kwetu kabla hayajafika kwangu. Msimamizi wenu Gaikwad akakuna kichwa: "Mama zangu, bwana mkubwa hayupo, amekwenda mto wa mbali kuchagua mchanga." Shangazi Kakubai akamrukia: "Kwani wewe mama yako alikuzalia kwenye lami? Sogea!" Maskini akasogea, naye akafuta macho. Tukaumwaga kwenye mfereji wote mnaoujaza mchanga, tukanyunyiza manjano, tukaukanyaga tukiimba mpaka mchanga na udongo vikawa kitu kimoja. Mama alikanyaga kuliko wote, magoti yake yale mabovu. Halafu mashine yenu ikapita juu.

Usijitie ukali. Najua umefurahi.

Shemeji yako,
Anusaya

*

Kambi ya Bwawa
4 Aprili 1984

Kwa Kaka Raghunath,

Nakuinamia. Barua hii isome peke yako, kisha ichome. Kaka, kina mama wa Karanjkhop wameuharibu mchanga wangu, na shemeji ndiye aliyewaongoza. Hawajui walichofanya. Kosa ni langu, niliyemwandikia mambo ya moyo wa bwawa kama mshairi badala ya kumwambia kwa lugha nyepesi: mchanga huu usiguswe.

Nikueleze upate kuelewa. Tuta likitulia hupata nyufa, hilo haliepukiki. Mchanga msafi haushikani, ufa ukifika kwake unaporomoka wenyewe na kuuziba. Lakini ukiutia ule udongo mweusi, hata kidogo, unashikana kama donge la ladu. Ufa ukiingia, unabaki wazi. Nimefukua pale walipokanyaga, nikaushindilia mchanga kwenye kikombe, nikaupindua ndani ya sahani ya maji. Mchanga mzuri ungemomonyoka palepale. Huu umesimama. Nimekwenda kunywa chai, nimerudi, umesimama bado. Nimeketi chini nikashika kichwa.

Chini ya tuta hili mnaishi ninyi. Anaishi mtoto wenu Sindhu. Siwezi kufumba macho.

Nitaufumua mfereji wote, na tabaka tulizoweka juu yake. Maana yake ule mwanya tuliouachia mto upite kwenye tuta huenda usifungwe kabla ya mvua, na mwaka huu bwawa lisishike maji. Wakubwa wamefoka. Nimewaambia mchanga niliouchagua mwenyewe ulikuwa mchafu. Wameniandikia onyo, sawa, litapita. Ila Kaka, nakuomba kwa jina la wazazi wetu, shemeji asijue. Amepoteza kwao. Ukimwambia kwamba udongo wa shamba la mama yake nimeuchota kwa koleo na kuutupa kwenye lundo la mawe, utakuwa umemuua. Mwache aamini upo pale.

Mdogo wako,
Moreshwar

*

Kambi ya Bwawa
4 Aprili 1984

Kwa Shemeji Anusaya,

Baraka zenu nimezipata, asanteni. Nilifurahi sana. Mwambie Mama Bayaja magoti yake yamefanya kazi nzuri kuliko mashine yetu.

Habari mbaya kidogo: huyu mchumba wako wa mchanga amechagua mchanga mbovu, na sasa anarudia kazi kama mtoto aliyeandika vibaya. Kwa hiyo mwaka huu maji hayatakaa bwawani. Yatakuja mwakani. Nisamehe kwa ahadi niliyovunja. Huyo msichana wa Shelgav mwambie nimekufa.

Moreshwar

*

Karanjkhop
12 Mei 1984

Kwa Baba Sindhu,

Habari za nyumbani? Ng'ombe anakamuliwa? Sindhu mwoshe nywele kwa mtindi, usimpake mafuta ya taa kama mwaka ule.

Najua ulinituma kwa Mama nikae siku chache, nazo zimekuwa nyingi. Nikuambie kwa nini. Nilipofika mabandani sikumkuta. Amerudi Karanjkhop, amerudi nyumbani kwake! Aliposikia nimesema maji hayaji mwaka huu, alifunga blanketi, akatembea kwa mguu, magoti hayo hayo. Nimemkuta amekaa ndani ya kuta nne zisizo na paa, amewasha moto palepale penye jiko lake la zamani, amenenepa uso. Nilipomfokea akasema, "Mwaka mmoja, binti. Mungu amenikatia mwaka mmoja, wewe unataka kuninyang'anya?"

Basi nami nimekaa. Tumeezeka kipembe kwa majani ya mtama. Asubuhi anafagia uwanja. Jirani hakuna, lakini anawasalimu.

Usimwambie Moru. Yeye ni mtu wa serikali. Akijua kuna mtu bondeni humu itabidi aandike ripoti, polisi waje, wamburure Mama mbele ya macho yake. Akinyamaza atavunja kiapo cha kazi yake. Kwa nini tumtie katikati? Mwaka huu maji hayaji, amesema mwenyewe. Mwakani kabla ya mvua nitambeba Mama mgongoni nimrudishe mabandani, nakuapia. Nyamaza tu.

Mama Sindhu

*

Kambi ya Bwawa
10 Juni 1984

Kwa Kaka Raghunath,

Kaka, nimeshinda! Tumefanya kazi kama vichaa. Vibarua walipochoka nilishika koleo mimi, mkubwa wangu akanikuta nimejaa vumbi akadhani ni mwizi wa sementi. Mchanga wote mchafu umetoka, mpya umeingia, nimeupima kila upande na kila kikombe kimemomonyoka kama inavyotakiwa. Mvua zimechelewa mwaka huu, wakulima wanazilaani, mimi nazishukuru. Jana jioni tumeufunga mwanya wa mto. Maji yatakaa, mwaka huu huu, si mwakani.

Mwambie shemeji. Au hapana, acha kwanza. Mwambie tu avae sari yake nzuri sikukuu ikifika, aende ukingoni mwa shamba. Nilimvunjia ahadi, nataka alipwe bila kutarajia.

Ile hofu yangu kwamba nimemwongezea msiba imenitoka. Bonde ni tupu, kwenye makaratasi hakuna mtu hata mmoja, na mpiga mbiu amekwisha tangaza mabandani. Yaache sasa yanyeshe.

Mdogo wako,
Moreshwar

*

Nyumbani
4 Julai 1984

Moreshwar,

Barua yako imefika leo. Daraja la Shelgav lilichukuliwa na maji mvua ya kwanza, barua zote zikakwama ng'ambo. Maji yako yamefika kabla yake.

Mimi si mtu wa kuandika. Nitaandika hivi hivi.

Mama Bayaja alikuwa Karanjkhop. Alirudi tangu Mei, na Mama Sindhu alikuwa naye. Walijua kwamba mwaka huu hakuna maji, kwa sababu wewe ulisema. Mvua ikapiga, mto ukajaa, wakadhani ni mafuriko ya kawaida yatapungua. Hayakupungua. Yaliingia uwanjani, yakaingia ndani, moto ukazimika. Mama akakataa kutoka. Mama Sindhu akambeba mgongoni, maji kiunoni, akapanda naye kilimani kwenye mvua. Nilipopata habari na kufika mabandani nilimkuta Mama anahema kama mvukuto. Aliishi siku mbili. Hakula. Tumemchoma huko huko kilimani, kuni zimeloa, ilichukua muda mrefu.

Wewe uliniambia nisimwambie yeye. Yeye aliniambia nisikuambie wewe. Nikajiona mwanamume mwenye busara, nimebeba siri za watu wawili na hazigongani. Ningefumbua mdomo upande mmoja tu, yule mzee angekufa kwa uzee. Sasa nimemwambia mke wangu yote, ya udongo na ya koleo.  Anakaa uani, ananitazama kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Usije sasa.

Raghunath

*

Kambi ya Bwawa
19 Julai 1984

Kwa Shemeji Anusaya,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Najua Kaka amesema nisije, sitakuja. Sikujua Mama Bayaja alikuwepo kule. Naapa sikujua. Ningejua ningelala mwenyewe kwenye ule mwanya mto usifungwe.

Tuta limesimama vizuri. Maji yanayotoka chini yake ni safi, unaweza kuona vidole vyako. Wakubwa wamekuja kunipongeza, wamefuta lile onyo, wamenipiga picha. Nilicheka kwenye picha, sijui nilikuwa nacheka nini. Kila asubuhi naenda kuchota kwenye glasi, natazama kama kuna chembe. Hakuna. Natamani ingekuwepo hata moja ili niwe na kitu cha kufanya.

Nitukane, Shemeji. Niandikie hata tusi.

Moreshwar

*

Nyumbani
12 Oktoba 1984

Moru,

Nimekaa kimya miezi mitatu. Haikuwa adhabu. Kila nilipochukua kalamu nilikuwa na hasira kwa watu watatu, sikujua nianze na yupi.

Nianze na wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyeomba matusi. Kwa nini hukuniambia? Ulidhani mimi ni nani, kikombe cha udongo? Nimezika watoto wawili kabla ya Sindhu, nimekulea wewe ukiwa na upele mwili mzima, nimevunja mawe barabarani mwaka ule wa njaa. Halafu mwanamume mzima, mhandisi, anaogopa kuniambia, "Shemeji, udongo wenu unaniharibia bwawa." Ningelia, ndiyo. Ningelia siku moja. Halafu ningekuja na kikapu changu, mimi na Kakubai na wote, tungeutoa kwa mikono ile ile tuliyoutia, tungeuchekecha na wewe punje kwa punje. Na tukiwa hapo tunatoa, ningekuambia Mama yuko wapi. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, Moru. Ungeniambia, ningekuambia.

Nami sijiachi. Nilikuficha kwa sababu ile ile, nikakuona mlaini. Tulihurumiana mpaka tukaua mtu. Kaka yako naye nimemsema, ameinama kama ng'ombe kwenye mvua, siku hizi ananiletea chai bila kuombwa. Namuonea huruma na bado simsamehe vizuri.

Kuna jambo kaka yako halijui, maana alikuwa bado hajafika. Nilipokuwa nimembeba Mama, katikati ya maji, aliniuliza sikioni, "Haya maji ya nani?" Sikutaka kusema. Akarudia kuuliza. Nikasema, "Ya Moru, Mama." Sikuwa na hakika, lakini yangekuwa ya nani? Kichwa chake kikalala begani kwangu, nikadhani amezimia. Kisha akasema, "Kumbe amewahi. Kijana mwenye bidii." Hakusema kwa uchungu, Moru. Alisema kama anavyomsifu mtu aliyemletea kuni. Nimekaa na maneno hayo peke yangu miezi yote hii, leo nimechoka kuyabeba, beba na wewe.

Maji yamefika kwenye mfereji wetu juzi. Kaka yako alinishika mkono akanipeleka ukingoni. Watu wote walikuwepo, wengine wanacheza ngoma, wananiambia, "Shemeji yako ametuokoa!" Ni kweli, amewaokoa. Ngano itapandwa. Sindhu aliingia na nguo akacheka hadi kupaliwa. Mimi nilisimama hapo nikijaribu kufurahi, nikafurahi kidogo, kwa ajili ya mtoto. Kisha nikaona haya nikarudi nyumbani.

Wiki ijayo wanawake wote wa mtaa wanakwenda makwao kwa Diwali. Wanafunga mizigo, wanaimba, wananiuliza, "Anusaya, wewe unaondoka lini?" halafu wanakumbuka wanajishika midomo. Sina kwetu. Kaka zangu wametawanyika mjini wanabeba zege, na Mama hayupo. Mwaka huu nitakaa jikoni kwangu na mlango nimeufunga.

Njoo. Kaka yako alisema usije, mimi nasema njoo. Sijakusamehe, nisije nikakudanganya tena. Nimekukasirikia sana, na huenda hasira hiyo nikakuonyesha mbele ya wageni. Lakini siku hiyo nzima ya Diwali sitakuwa na wa kwetu wa kumwendea, na hakuna mwingine duniani anayejua kwa nini nalia bila mimi kueleza.

Chakula nitakutengea. Ukila kidogo nitajua, ukila sana nitajua pia.

Anusaya